Mche Safi Unatoka Wapi? Bioteknolojia ya Mimea na Mashamba ya Uluguru



Muhogo una hila yake. Shina laweza kusimama wima, majani yakastawi, na mwenye shamba akaliweka katika hesabu ya chakula cha nyumba yake mpaka mavuno yajayo. Siku ya kung'oa ikifika, kisu kikapita katikati ya mzizi, ndani hukutwa mabaka makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama gome. Ganda la nje lilikuwa zima. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Sehemu iliyooza haipikiki wala haifai makopa, na hakuna dawa ya kupuliza iwezayo kuurudisha mzizi huo katika hali yake.

Mada hii inahusu bioteknolojia ya mimea, neno ambalo likitajwa vijijini huamsha ama hofu ama matumaini yaliyopita kiasi. Ndiyo maana imeonekana vema kuanza na mzizi uliooza. Hapo ndipo elimu hii inapogusa chungu cha mkazi wa Mkuyuni, Kiroka, Matombo au Mvuha, kabla haijagusa jambo jingine lolote.

Si wengi wajuao kwamba magonjwa mawili makubwa ya muhogo barani Afrika yaliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu kutokana na mashamba ya nchi hii. Batobato, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, ulielezwa na Mjerumani Otto Warburg mwaka 1894 kutoka upande wa Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara. Storey na mwenzake Nichols hawakuishia kuandika. Walianza kuuoanisha muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwemo ule mti wa utomvu uitwao mpira wa Ceará, wakachagua watoto waliovumilia ugonjwa, wakawarudisha tena kwa muhogo wa kuliwa ili mizizi isiwe ya mti bali ya chakula. Kazi hiyo ilikula miaka mingi. Mazao yake yalivuka bahari na mipaka, na damu ya mihogo ya Amani imo leo katika aina zinazolimwa hadi Afrika Magharibi. Wakati huo hapakuwa na maabara ya kusoma vinasaba. Palikuwa na brashi ya kupakia chavua, daftari, na subira.

Inafaa kulikumbuka hilo kila mara mtu asemapo kwamba bioteknolojia ni jambo la kigeni lililokuja juzi. Kwa maana pana, ni kila njia ya kuitumia elimu ya uhai wa mmea ili kupata mmea unaofaa zaidi. Ndani ya maana hiyo pana mna mambo yasiyofanana hata kidogo, na kuyachanganya ndiko kuliko na madhara.

Michirizi ya kahawia husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Hawa huhamisha virusi kutoka shina moja hadi jingine, lakini kwa masafa mafupi. Ya pili ni binadamu. Mtu anayefunga mzigo wa pingili Kisaki na kuupeleka kwa shemeji yake Kinole anaweza kuvusha ugonjwa kwa siku moja masafa ambayo nzi weupe wasingeyavuka kwa msimu mzima. Tena huvusha kwa nia njema, kama zawadi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa pwani na nyanda za chini. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana Uganda, katika mashamba yaliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mkazi wa mlimani asijipe moyo kwamba baridi ya kwake ni ngome.

Hapa pana hesabu ambayo kila mkulima anaweza kuifanya kwa kidole mchangani. Ekari moja ya muhogo, ikipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, inahitaji pingili takriban 4,000. Shina moja lililokomaa hutoa pingili kama 10. Mwenye shina moja tu lililo safi atapata 10 mwaka wa kwanza, 100 mwaka wa pili, 1,000 mwaka wa tatu, na mwaka wa nne ndipo atajaza ekari yake na kubaki na ziada. Katika miaka hiyo minne nzi weupe hawakulala. Mbegu ya mahindi hutoka katika gunzi moja kwa mamia. Muhogo na mgomba huongezeka polepole, na kila mtoto hurithi maradhi ya mama yake. Mbegu nyingi za nafaka hukatiza baadhi ya maradhi njiani. Pingili haikatizi kitu.

Mgomba una habari hiyo hiyo kwa sura nyingine. Chipukizi linaloombwa kwa jirani huja na fukusi ndani ya tunguu lake, huja na minyoo isiyoonekana kwa macho katika mizizi, na mara nyingine huja na ukungu wa mnyauko wa Panama, ambao ukishaingia katika udongo hukaa humo miongo kadhaa. Wanaopanda kisukari wanaufahamu: majani ya chini hugeuka njano, hulegea na kuning'inia kama sketi kuukuu, na shina likipasuliwa huonyesha nyuzi nyekundu zinazoelekea weusi. Mwaka 2006 mnyauko wa aina nyingine, unaoletwa na bakteria, uligunduliwa mkoani Kagera baada ya kuvuka kutoka Uganda, na nyumba nyingi ambazo ndizi ndiyo chakula chao zikaona migomba ikioza imesimama. Mwaka 2013, kaskazini mwa Msumbiji, ilipatikana aina mpya ya mnyauko wa Panama inayoua hata ndizi za jamii ya Cavendish, ambazo zilisifiwa kwa kuistahimili ile ya zamani. Msumbiji ni jirani. Udongo ulioganda kwenye buti au kwenye tairi la gari unatosha kuuhamisha ukungu huo.

Maabara inaweza kufanya nini hapo?

Katika ncha ya kila mmea unaokua pana kiini kidogo, chini ya milimita moja, ambamo chembe hai hugawanyika kwa kasi kubwa. Mara nyingi virusi hawajafika hapo, kwa kuwa mishipa ya kuwapitisha haijaundwa bado. Mwaka 1952 Wafaransa wawili, Georges Morel na Claude Martin, walikata ncha za namna hiyo kutoka maua ya dahlia yaliyokuwa na virusi, wakazilea ndani ya vyombo vya kioo, wakapata mimea iliyo safi. Tangu hapo njia hiyo imehamishiwa viazi, mihogo, migomba na mazao mengine mengi. Ncha huwekwa katika chakula kilichogandishwa kama uji mzito, chenye sukari, chumvi za madini, na homoni zinazouamuru mmea kutoa machipukizi au mizizi. Katika miaka ya 1940, kabla mchanganyiko wa kisasa haujapatikana, watafiti waligundua kwamba maji ya nazi yanavistawisha viini vya mimea ndani ya chupa kuliko walivyotarajia. Mzee yeyote wa pwani angeweza kuwaambia kwamba ndani ya dafu ndimo mnazi mchanga unamolelewa.

Kutoka ncha moja hupatikana miche mingi, inayofanana kama pacha, isiyo na fukusi, isiyo na minyoo, na ikiwa kazi imefanywa vema, isiyo na virusi. Hii ndiyo miche ya tishu. Hakuna jeni iliyoongezwa humo wala iliyoondolewa. Mzuzu wa chupa ni mzuzu ule ule; mkono wa tembo ni mkono wa tembo. Nchini kazi hii imefanywa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, ambacho sasa kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo mguuni pa mlima wenyewe, kimekuwa kikifundisha na kutafiti sayansi hiyo.

Sasa yasemwe na mapungufu, maana wauzaji wa miche huyaruka. Mche wa tishu ni safi, haukupewa kinga. Ukipandwa katika udongo wenye ukungu wa Panama, utakufa kama aliyemtangulia, tena mwenye shamba atakuwa amelipia kifo hicho. Pingili safi ikipandwa kando ya shamba la jirani lenye batobato itaugua baada ya misimu michache. Mche utokao katika chupa una ngozi laini, haujaona jua wala upepo, na lazima uzoeshwe kitaluni kwenye kivuli kwa majuma kadhaa kabla ya kwenda shambani. Anayeupanda mapema ili kuokoa siku huupoteza. Unahitaji maji ya kutosha katika miezi ya mwanzo. Na kwa kuwa miche yote ni pacha, aina moja ikijaa bonde zima, ugonjwa unaoiweza aina hiyo huweza bonde zima. Basi mwenye migomba ya asili ya aina nne au tano asiing'oe yote kwa furaha ya mgeni.

Upande wa pili wa bioteknolojia, ambao haujadiliwi sana ingawa faida yake ni ya haraka, ni upimaji. Jicho la mkulima hodari huona batobato, lakini huweza kukosea juu ya michirizi ya kahawia, na haliwezi kabisa kujua ni virusi wa aina gani. Vipimo vya vinasaba huweza. Mwaka 2017 watafiti wa Mikocheni pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda na Australia walijaribu kifaa kidogo cha kusoma vinasaba, kinachoshikika kiganjani, wakachukua majani katika mashamba ya wakulima na kuwarudishia majibu ndani ya siku chache badala ya miezi. Jaribio hilo lilikuwa dogo. Uzito wake uko katika swali lililoulizwa: jibu la maabara linamfikia nani kwanza? Kwa miaka mingi majani ya mihogo ya Afrika yamesafiri kwenda ng'ambo, makala yakaandikwa, na aliyetoa majani hakuambiwa kilichoonekana. Mkulima aliyeambiwa mapema kwamba shamba lake limeambukizwa hung'oa, huchoma, na hutafuta mbegu nyingine kabla ya mvua. Asiyeambiwa huwagawia majirani.

Jambo la mbegu za uhandisi jeni, yaani GMO, haliwezi kuachwa bila kutajwa, kwani ndilo huulizwa kwanza katika kila mkutano. Uhandisi jeni ni kuingiza katika mmea jeni iliyochaguliwa, pengine kutoka kwa kiumbe wa jamii ya mbali. Tanzania iliufanyia majaribio. Mwezi Oktoba 2016, huko Makutupora, Dodoma, yalipandwa chini ya ulinzi mahindi yaliyowekewa jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni ili yavumilie ukame. Kanuni za usalama wa bioteknolojia zilikuwepo tangu 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2015 zililegezwa ili watafiti waweze kufanya kazi bila kubebeshwa dhima isiyo na mipaka. Novemba 2018 serikali iliagiza majaribio hayo yasimame, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo akatangaza kuyafuta. Majirani wamechukua njia nyingine. Uganda imejaribu migomba yenye jeni ya pilipili hoho dhidi ya mnyauko wa bakteria, na Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo uliofanyiwa uhandisi jeni dhidi ya ugonjwa ule ule wa michirizi ya kahawia.

Wenye kuunga mkono wana hoja nzito: ugonjwa usio na dawa, na chakula cha maskini. Wenye kupinga nao wana yao: mbegu ikiwa na mwenyewe, je, mkulima ataruhusiwa kukata pingili na kumpa jirani kama ilivyokuwa tangu mababu? Swali hilo la pili lina haki ya kujibiwa kwa maandishi kabla ya shina la kwanza kupandwa popote. Kwa wakati huu, hata hivyo, hakuna mbegu ya uhandisi jeni iliyoruhusiwa kuuzwa kwa wakulima wa Tanzania. Anayeinadi sokoni anadanganya, na anayewatisha watu kwamba kila mbegu ya pakiti ni GMO anadanganya vilevile.

Upotoshaji huo wa pili umeleta hasara ya kweli. Mahindi chotara ni mtoto wa wazazi wawili wa mahindi waliooanishwa kwa mpango. Nguvu yake hupungua akipandwa tena, ndiyo maana hununuliwa kila msimu. Mahindi ya uchavushaji huria kama Staha na TMV-1 huweza kuhifadhiwa na kupandwa tena kwa misimu kadhaa, mkulima akichagua magunzi yake kwa uangalifu. Maharage ya SUA 90 na Rojo yalizalishwa hapa hapa Sokoine kwa uoanishaji na uchaguzi wa kawaida. Muhogo wa Kiroba, unaovumilia michirizi ya kahawia kwa kiasi, si uhandisi jeni. Mtu aliyekataa hizi zote kwa kudhani zina jeni ya mnyama amebaki na mbegu dhaifu kwa sababu ya uvumi.

Lakini uvumi hauoti mahali pasipo na kumbukumbu, na mlima huu una kumbukumbu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa matumizi bora ya ardhi. Shabaha ilikuwa ya haki: udongo ulikuwa ukiteremka, mito ikichafuka. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe kwa lazima, kwa siku zilizopangwa, na asiyechimba aadhibiwe. Upande wa mashariki wa mlima udongo wa juu ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulifukia ule wenye rutuba na kuuweka juu ule tasa. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao na kulisema. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akafa kwa risasi, na mpango ukavunjika. Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko mjini na matuta yalilipa jasho la aliyeyachimba, ngazi zipo hadi leo.

Tofauti ya Matombo na Mgeta haikuwa tofauti ya ujinga na elimu. Mbinu moja ilikubaliana na udongo na mfuko wa watu mahali pamoja, ikagombana navyo mahali pengine. Mche wa tishu unaweza kuwa tuta la ngazi la zama hizi, ukigawiwa kwa idadi ili taarifa ijazwe, bila kitalu cha kuuzoesha na bila kuulizwa anayeupanda.

Kuna jambo ambalo wataalamu kutoka nje hulikosa kabisa. Kwa desturi ya Waluguru ardhi nyingi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume anaweza kulima maisha yake yote katika shamba la ukoo wa mkewe, akapanda mahindi na maharage bila neno. Akipanda migomba au mikarafuu, watu huanza kuulizana kama anadai shamba. Mgomba wa chupa uliogharimu fedha taslimu hauzai kabla ya miezi tisa hadi kumi na minne, na hukaa miaka. Hauwezi kupandwa kwa utulivu mahali ambapo haki ya mpandaji haijasemwa. Wazee wa koo wakishirikishwa tangu mwanzo, neno hilo hutatuliwa kwa kikao kimoja. Wasiposhirikishwa, miche hukauka kitaluni huku taarifa zikisema wakulima hawana mwamko.

Na mazingira? Mlima huu ndio chanzo cha Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo Dar es Salaam; mteremko wake wa upande wa mji hulisha Ngerengere na bwawa la Mindu, ambalo kila mvua kubwa huliongezea tope. Shamba ambalo muhogo wake umeoza halimwachi mwenye nalo akae kimya. Humsukuma kufungua jingine, na jingine huwa juu zaidi, karibu na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru iliyotangazwa mwaka 2008. Kwa sababu hiyo pingili safi inayozaa vema katika ekari ile ile ni ulinzi wa msitu, ingawa haiitwi hivyo katika mabango. Migomba iliyopandwa kwa mstari unaokatiza mteremko, na majani ya kuzuia udongo chini yake, hufanya kazi ambayo matuta ya 1955 yalishindwa kuifanya.

Msitu wenyewe nao ni ghala la mbegu zisizopatikana kwingine. Katika miamba yenye unyevu ya Uluguru huota ua dogo la zambarau la jamii iliyojulikana kwa muda mrefu kama Saintpaulia. Ndugu yake wa Usambara aliokotwa mwaka 1892 na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, akapelekwa kwao, na kutokana na uzao wake imekua biashara ya maua ya dirishani Ulaya na Marekani, inayozalishwa kwa vipande vya majani na kwa tishu katika maabara. Ni bioteknolojia iliyofaulu sana. Milima iliyolizaa ua hilo haikuona ujira wake. Mwanafunzi wa Sokoine anayepanda mlimani leo kukusanya mimea kwa utafiti hana budi kupita kwanza kwa mtendaji wa kijiji, na kijiji kina haki ya kuuliza anachukua nini, kwa kibali kipi, na matokeo yatarudije.

Yanabaki ya utekelezaji, nayo ni mafupi.

Mkoa wa Morogoro una bahati ambayo mikoa mingi haina: makao makuu ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yako Morogoro mjini, na vivyo hivyo Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA. Kituo cha TARI Ilonga kipo wilayani Kilosa. Mnunuzi wa pakiti ya mahindi aangalie lebo ya TOSCI kabla ya kutoa fedha, aikwangue, aihakiki kwa simu, na atunze pakiti pamoja na risiti hadi mavuno. Bila hivyo malalamiko hayana pa kushikia.

Kwa muhogo njia iliyo karibu zaidi ni mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Mkulima au kikundi hujiandikisha, hupata pingili za mwanzo zilizo safi kutoka kituo cha utafiti, huzizidisha katika shamba lililo mbali na mihogo mingine, na mkaguzi aliyeidhinishwa wa wilaya hulikagua shamba hilo kabla ya pingili kuuzwa. Kikundi kimoja cha namna hiyo katika kata kinaweza kuifupisha ile hesabu ya miaka minne, kwa kuwa kinaanza na mamia ya pingili badala ya shina moja. Kinachokwamisha mara nyingi ni muda: maombi hupelekwa mvua zikiwa zimeanza, wakati pingili za vuli zilipaswa kutafutwa tangu kiangazi. Afisa ugani wa kata ndiye wa kuanza naye. Akiulizwa na mtu mmoja anaweza kusahau. Akiulizwa katika mkutano wa kijiji, swali likaandikwa katika muhtasari, hana njia ya kusahau.

Aletewaye miche ya migomba aulize mambo matatu kabla ya kuipokea: imetoka maabara ipi, imezoeshwa kitaluni kwa muda gani, na nani atairudishia ile itakayokufa katika mwezi wa kwanza. Shimo lisichimbwe mahali ambapo kisukari kilikufa kwa mnyauko.

Wenye mihogo shambani sasa wapite mistari yao mapema asubuhi wiki sita hadi nane baada ya kuchipua, kabla majani hayajafungana, na kung'oa kila shina lenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka ya njano kando ya mishipa. Lichomwe au lifukiwe; lisitupwe mpakani. Wakati wa kuvuna, kila shina linalokusudiwa kutoa pingili likatwe mizizi yake kwanza na kutazamwa ndani. Lenye doa la kahawia hata dogo lisitoe mbegu, ijapokuwa shina lake ni nene na zuri kuliko yote. Jirani wa pande zote nne wakifanya hivyo katika juma moja, nzi weupe hukosa mahali pa kuchukua ugonjwa. Akifanya mmoja peke yake, atakuwa amesafisha kwa msimu mmoja tu.